Mwanafunzi Anayeanza na Historia ya Magazeti ya Kiswahili

Mwanafunzi aingiaye Chuo Kikuu kwa mara ya kwanza ili asome historia ya vyombo vya habari aghalabu hukuta njia imekwisha kufyekwa. Kitabu cha kwanza anachopewa humpeleka Mainz, katika nchi ya Ujerumani, ambako Johannes Gutenberg alipiga chapa Biblia yake karibu na mwaka 1455. Kutoka hapo hupelekwa Strasbourg, ambako Johann Carolus alianza kutoa gazeti lake mwaka 1605; kisha New York, ambako gazeti la The Sun lilianza kuuzwa kwa senti moja mwaka 1833; kisha London, ambako BBC iliundwa mwaka 1922. Afrika huja nyuma, katika sura fupi, kama kituo cha mwisho cha gari la moshi lililoondoka Ulaya zamani. Habari hizi si za uwongo, na mwanafunzi hana budi kuzijua. Lakini mpangilio wake unamfundisha jambo ambalo halikuandikwa popote: ya kuwa historia hii ni historia ya mitambo, na kwamba mtu wa Afrika Mashariki aliingia ndani yake siku ile mtambo uliposhushwa bandarini kwake.

Fikira hiyo ina walakini hata kwa wale walioianzisha. Huko Korea kitabu kilipigwa chapa kwa herufi za madini mwaka 1377, yaani kabla Gutenberg hajazaliwa. Kama mtambo peke yake ungetosha kuanzisha historia, basi vitabu vyote vingeanzia Korea. Mtambo ni chombo tu. Historia ya chombo cha habari huanza pale mtu fulani anapokusudia kusema na watu fulani, kwa lugha fulani, juu ya mambo fulani, na kwa gharama ya mtu fulani. Katika mambo hayo, lile lililo karibu zaidi na mwanafunzi wa Afrika Mashariki ni lugha. Magazeti ya Kiswahili yana umri wa zaidi ya miaka 130, na lugha yake ni ushahidi ambao mwanafunzi huyo anaweza kuusoma kwa macho yake mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine maana yake.

Na aanze na maneno ya kazi hiyo. Neno gazeti limetoka Ulaya. Habari ni neno la Kiarabu, na kadhalika karatasi na kalamu. Chapa limetoka katika lugha za Bara Hindi. Simu latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Nalo linakumbusha kwamba mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden, na kwa njia hiyo na miji mikubwa ya dunia. Mbiu ni pembe iliyopigwa ili watu wakusanyike wasikie neno la mkubwa wao, na methali ingali ikisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Maneno haya machache yaonyesha kwamba upashanaji habari haukuja pwani kwa njia moja, wala siku moja, wala kutoka upande mmoja. Wenyeji walikuwa na desturi zao za kutangaza. Wakaongeza karatasi na kalamu, kisha chapa, kisha waya, kisha gazeti. Kila kitu kilichoingia kilikuta mahali pamekwisha kuwa na watu waliojua maana ya habari na thamani yake.

Orodha nyingi za magazeti ya Kiswahili huanza mwaka 1888, kwa Msimulizi. Gazeti hili lilitolewa Kiungani, karibu na mji wa Unguja, katika chuo cha Misheni ya Vyuo Vikuu iliyojulikana kwa herufi UMCA. Misheni hiyo ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa tangu siku za Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Msimulizi lilikuwa na habari za chuo na za vituo vya misheni, na sehemu kubwa iliandikwa na wanafunzi wenyewe.

Hapa mwanafunzi anayeanza yafaa asimame kidogo. Waandishi hao walikuwa nani? Wengi wa vijana waliolelewa Kiungani walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, au waliotoka katika vituo vya misheni vya bara. Wazazi wao walisema Kiyao, Kinyasa, Kibondei na lugha nyinginezo. Kiswahili walikipata baadaye, kama mtu apatavyo nyumba mpya baada ya kuchomewa ya kwanza. Basi kurasa za gazeti linalohesabiwa kuwa la kwanza katika lugha hii hazikujazwa na washairi wa Mombasa wala na wanazuoni wa Lamu, bali kwa sehemu kubwa na watu waliojifunza Kiswahili kwa ajili ya msiba uliowapata au safari iliyowatenga na kwao. Jambo hili ni kubwa katika historia ya lugha. Tangu siku ya kwanza Kiswahili cha gazeti kilikuwa lugha ya kukutanikia, si lugha ya mji mmoja. Na mtu atakayejua tu kwamba gazeti lilianza mwaka fulani chini ya misheni fulani hatalitambua hilo.

Lakini mwaka 1888 una jambo jingine. Katika mwaka huo huo watu wa Mrima waliondoka kupigana na Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, Bwana Heri na wengineo. Habari za vita hivyo zilitungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika utenzi mrefu, kwa hati za Kiarabu; utenzi huo unajulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na mwaka uliotajwa katika jina lake ni 1307 wa Hijra, yaani 1889 hadi 1890. Utenzi huu una majina ya watu, majina ya mahali, mfuatano wa mambo yalivyotokea, na hukumu ya mtunzi juu yake. Ulitungwa ili usikiwe na watu waliotaka kujua yaliyowapata. Kwa desturi ya vyuo, Msimulizi huwekwa katika rafu ya historia ya vyombo vya habari, na utenzi wa Hemedi huwekwa katika rafu ya fasihi.

Mwanafunzi haambiwi hapa kwamba utenzi ni gazeti. Gazeti hutoka kwa vipindi, hurudi tena mwezi au juma lifuatalo, na msomaji hulingojea. Utenzi hauna ahadi hiyo. Tofauti hiyo ni ya kweli, na afadhali aijue vizuri. Jambo analopaswa kuliona ni kwamba mpaka baina ya rafu hizo mbili umewekwa na watu, kwa sababu zao, na kwamba kila mpaka una watu unaowaacha nje. Akianza na mtambo na herufi za Kirumi, watu wa Mrima waliopashana habari za vita vyao wenyewe hawataonekana katika historia yake hata kidogo. Wataonekana tu kama watu walioandikwa na wengine.

Baada ya Msimulizi magazeti mengine yalifuata. Misheni hiyo hiyo ilitoa Habari za Mwezi huko Magila katika miaka ya 1890. Tanga, katika shule ya serikali ya Kijerumani, lilitoka Kiongozi, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1910 yalianza Pwani na Bara, la misheni ya Kilutheri, na Rafiki Yangu, la Wakatoliki, yote mawili Dar es Salaam. Januari 1923, baada ya Waingereza kuitawala Tanganyika, Idara ya Elimu ilianza Mambo Leo. Mwaka 1937 Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, alianza Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Mwaka 1939 kampuni ya East African Standard ya Nairobi ilianza Baraza. Mwaka 1957 lilikuja Mwafrika, 1958 Taifa huko Nairobi, 1959 Ngurumo huko Dar es Salaam, na 1961 Uhuru, gazeti la chama cha TANU.

Orodha kama hii mwanafunzi huinakili katika daftari yake, akaikariri kwa ajili ya mtihani, akaisahau. Yafaa aisome tena polepole kama mtu asomaye lugha, maana jina la gazeti ni tamko la kwanza ambalo mwenye gazeti humwambia msomaji wake. Msimulizi ni mtu anayesimulia. Basi msomaji ni msikilizaji aliyeketi mbele yake. Kiongozi ni neno lililojulikana sana katika misafara ya bara: ndiye mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi akiijua njia. Gazeti la shule ya serikali, katika mji ambao misafara iliondokea, lilipojiita hivyo, lilisema waziwazi nani atatangulia na nani atafuata nyuma na mzigo. Rafiki Yangu ni jina la werevu zaidi. Yeyote alitamkaye hulifanya liwe lake, maana kiambishi cha umilikaji humwendea msemaji. Mtu aulizapo dukani kama Rafiki Yangu limekuja, amekwisha kukubali urafiki.

Mambo Leo ni tofauti. Ndani ya jina hilo hamna mtu: hamna anayesema wala anayeambiwa, bali mambo na siku yake. Serikali ilipotoa gazeti ilichagua jina lisilo na upande, kana kwamba mambo yenyewe ndiyo yanayojieleza. Msomaji mwangalifu atajifunza kutokana na jina hili kanuni ambayo itamfaa maisha yake yote, ya kwamba msemaji asiyeonekana ndiye wa kutafutwa kwa bidii zaidi.

Kwetu laanza ukurasa mwingine. Kiswahili hakina njia ya kutenganisha sisi tulio pamoja na wewe unayeambiwa, na sisi tusio pamoja nawe. Lugha nyingine za dunia zina maneno mawili kwa maana hizo mbili. Basi jina Kwetu lilimkaribisha au lilimzuia msomaji kwa kadiri ya yeye alivyokuwa. Mwafrika wa Dar es Salaam aliyelichukua mkononi mwaka 1937 alisoma kwamba yuko nyumbani. Ofisa wa serikali aliyelichukua mkononi ili alichunguze alisoma neno hilo hilo na akajua kwamba anasimama mlangoni. Hakuna herufi iliyobadilika; kilichobadilika ni msomaji. Baraza nalo lina maana mbili: baraza ya nyumba, ambapo majirani hukaa jioni wakazungumza kwa uhuru, na baraza la mkuu wa wilaya, ambapo watu waliitwa wakaelezwa amri. Gazeti la kampuni ya walowezi lilisimama katikati ya maana hizo mbili, na mwanafunzi anaweza kupima katika kila ukurasa ni maana ipi iliyokuwa na nguvu siku hiyo.

Kutoka hapo hadi Mwafrika, Taifa na Uhuru majina yaonekana kwenda kwa mstari ulionyooka: kwanza anayeongoza wengine, kisha mambo yasiyo na mwenyewe, kisha sisi, mwisho nchi na uhuru wake. Mstari huu unapendeza, na kwa sababu hiyo mwanafunzi yafaa aushuku. Mwaka 1950 Wakatoliki walianza gazeti huko Tabora wakaliita Kiongozi, wakati ambapo kwa mujibu wa mstari huo jina kama hilo lilikuwa limekwisha kupitwa. Nalo halina uhusiano na lile la Tanga zaidi ya jina. Asiyejua hilo atayaunganisha magazeti mawili yaliyotenganishwa na vita viwili vikuu na miaka zaidi ya 30, akaandika habari za gazeti lisilopata kuwako. Tena, jina na mwenye mali ni mambo mawili. Taifa lilianzishwa na Mwingereza, Charles Hayes, likanunuliwa na Aga Khan mwaka 1959. Taifa Leo likaanza kutoka kila siku mwaka 1960. Ngurumo, lililouzwa kwa senti 10 na kusomwa na watu wa kawaida mjini, lilikuwa mali ya Randhir Thaker, mtu wa asili ya Kihindi, nalo likaendelea hadi mwaka 1976. Jina lamwonyesha msomaji aliyetafutwa, halimwonyeshi mlipaji. Yote mawili hayana budi kuulizwa, na kila moja kwa ushahidi wake.

Katika orodha iliyotajwa juu mna pengo ambalo mwanafunzi wa leo kwa kawaida halioni, kwa sababu hawezi kusoma kilichomo ndani yake. Mwaka 1930, huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mwaka 1932 aliifuatishia Al-Islah, gazeti la Kiarabu na Kiswahili. Aliwaandikia Waislamu wa pwani juu ya elimu, dini, desturi na hali yao chini ya utawala wa kigeni, naye alijua kwamba wengi wa aliowakusudia walisoma hati hizo tangu utotoni chuoni. Kwa hesabu ya serikali watu hao waliweza kuitwa wasiojua kusoma, kwa kuwa hawakujua herufi za Kirumi. Kwa Sheikh al-Amin walikuwa ndio wasomaji. Neno moja, msomaji, lilikuwa na mipaka miwili katika mji mmoja na mwaka mmoja.

Wakati huo huo lugha yenyewe ilikuwa ikitengenezwa. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulishauri lugha moja ya kufundishia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi. Na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, ikasimamia maendelezo ya maneno na vitabu vya shule, na kamusi zilizotengenezwa na Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kazi ya Kamati hiyo ndiyo iliyoingia katika Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam mwaka 1964. Historia hii husimuliwa kwa kawaida kwa njia ya mikutano na kamusi. Lakini mikutano haimfundishi mtu kuandika. Anayesoma gazeti kila mwezi kwa miaka kumi hufundishwa bila kujua. Mambo Leo lilianza miaka 7 kabla ya Kamati na likaendelea kutoka baada yake. Basi mwanafunzi anayeanza ana zoezi lililo tayari: achukue toleo moja la miaka ya 1920 na jingine la mwisho wa miaka ya 1930, ayaweke mezani bega kwa bega, aangalie maendelezo, mgawanyo wa maneno, maneno ya Kiarabu yaliyopungua au kuongezeka, na namna waandishi wa barua wanavyomwamkia mwenye gazeti. Aangalie hasa ukurasa wa mashairi, maana humo, miongoni mwa wengi, aliandika Shaaban Robert. Na lahaja za pwani zilikubaliwa katika shairi hata pale zilipokataliwa katika habari. Kwa kazi ya siku moja ataona jambo ambalo vitabu vingi vinalitaja tu.

Zaidi ya hayo, gazeti si chombo pekee. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kuimba nyimbo zilizotiwa katika sahani za santuri. Sahani hizo zilichezwa mikahawani na majumbani pwani yote, na nyimbo zake zilikuwa na habari za mji: mambo ya mahakamani, ya wakubwa na ya wanyonge. Mtu hakuhitaji kujua herufi yoyote ili apate habari hizo. Katika orodha ya magazeti ya wakati huo ni vigumu kumpata mwanamke mwenye jina. Katika orodha ya sahani za santuri yuko mbele ya wote. Hivyo mwanafunzi anapoamua chombo gani kihesabiwe, anaamua pia kama nusu ya watu watakuwamo katika historia yake au hawatakuwamo.

Redio ilifuata njia hiyo ya sikio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 kazi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwasema vibaya wakoloni. London ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1957. Kwa muda wa miaka michache lugha iliyokuwa imechapwa kwa utulivu na misheni na idara za serikali ikawa lugha inayogombaniwa hewani na miji mikubwa ya dunia. Mwanafunzi atakayeichunguza redio atakuta shida ambayo gazeti halina: sauti hupita. Matangazo mengi ya miaka hiyo hayakuhifadhiwa, na yaliyobaki ni ratiba, barua za wasikilizaji, na kumbukumbu za wazee. Wazee hao hawatangoja hadi mwanafunzi amalize shahada yake ya tatu.

Hapo ndipo ilipo hatari katika jambo hili zima. Mafunzo ya uandishi wa habari yameingia vyuoni katika Afrika Mashariki kwa muda usio mrefu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuyafundisha mwaka 1970. Chuo cha Uandishi wa Habari cha Tanzania kilianza mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vyake ni vya Kiingereza. Utafiti wa kitaalamu wa mapema juu ya magazeti ya Kiswahili ya wakati wa Wajerumani, ule wa Hilda Lemke, ulitolewa Leipzig mwaka 1929 kwa Kijerumani. Serikali za kikoloni nazo ziliwawekea maofisa wao muhtasari wa magazeti ya Kiswahili kwa Kiingereza, na muhtasari huo umehifadhiwa vizuri katika nyaraka, mara nyingine vizuri kuliko magazeti yenyewe. Mwanafunzi mvivu atafurahi kuukuta: umepangwa kwa tarehe, umefupishwa, umetafsiriwa. Lakini akiusoma huo na kuyaacha magazeti, hasomi alivyosema mwandishi wa Kiswahili. Anasoma alivyosikia ofisa, na ofisa alisikiliza ili ajue hatari iko wapi. Utani, mafumbo, salamu, tangazo la mtu aliyepotelewa na ndugu yake, ubishi wa washairi juu ya vina: hayo yote hayakuwa hatari, kwa hiyo hayakutiwa katika muhtasari.

Yakipotea hayo, jamii ya Waswahili na wote waliokifanya Kiswahili kuwa lugha yao watabaki na historia ambayo ndani yake walikuwa hawana kazi ila kutii au kuasi. Kwamba walicheka, walishauriana, walijifunza kuandika kwa kusoma barua za wenzao, na walijenga lugha ya watu wengi kutokana na lugha ya miji michache, halitaonekana. Karatasi ya gazeti ni karatasi dhaifu. Joto la pwani, mchwa na unyevu havingoji. Picha za kurasa sasa zaweza kuwekwa katika intaneti, na baadhi zimewekwa. Lakini picha ya ukurasa usio na msomaji si salama sana kuliko ukurasa wenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza asishauriwe kuanza na dunia nzima. Achukue gazeti moja, mwaka wake mmoja, alisome toka tangazo la kwanza hadi barua ya mwisho. Aulize maswali matano na kuyajibu kwa ushahidi uliomo ndani ya kurasa zenyewe kwa kadiri iwezekanavyo: nani analipa, nani anaandika, na Kiswahili alikipata wapi, gazeti limeandikwa kwa hati gani na kwa lahaja gani, nani anaambiwa, na nani, aliyekuwako katika mji huo mwaka huo, hatajwi. Akikuta neno asilolijua, asiliruke. Na aende kwa mzee au katika kamusi ya zamani, maana huenda neno hilo moja ndilo lililobeba jambo lililokuwa likibishaniwa. Akiweza kujifunza hati za Kiarabu, ambazo huhitaji miezi tu kwa mtu anayejua Kiswahili, atakuwa amefungua kabati ambalo wenzake wengi hupita mbele yake bila kujua kwamba lina kitu.

Baada ya hapo na aende Mainz, Strasbourg na New York. Atakwenda kama mgeni mwenye kwao, awezaye kuuliza huko maswali yale yale aliyouliza Tanga, Unguja na Mombasa. Na majibu atakayopata atayapima, hatayapokea tu.